Simu za Jumapili

"Miaka minane anataka, na goti moja limeshapasuliwa," alisema Wilf, akigonga meza ya kantini kwa kidole. "Miaka minane ya nini? Ya kukaa benchi akinywa maji?"

"Ndiyo maana anaitaka sasa, kabla hilo la pili halijapasuliwa," Lorne akamjibu. "Wewe ungekuwa na kitu kinachogombewa na watu wote, ungekigawa bure?"

"Mimi sijawahi kuwa na kitu kinachogombewa."

"Hilo hata mkeo analijua."

Wakacheka hadi vikombe vikatikisika. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, ngano imelowa haivuniki, na wakulima wa Kalyna hawakuwa na pa kwenda isipokuwa hapa, kwenye kantini ya uwanja wa hoki ya barafu, kumjadili Rylan Marchuk. Timu kubwa ya jijini ilikuwa imeanza mazoezi ya msimu bila yeye. Wakala wake alisema hivi, meneja wa timu akasema vile, na mfungaji hodari kuliko wote waliowahi kupita katika mji huu alikuwa bado hajasaini mkataba mpya.

Verna alikuwa nyuma ya kaunta akimenya viazi. Alisikia kila neno na kujifanya hasikii. Jijini ni mwendo wa asubuhi moja kwa gari. Rylan akisaini atabaki karibu, na mtu aliye karibu unaweza kuendelea kumtarajia. Asiposaini watamuuza huko kusini kwenye minazi, na mtu wa huko hapiti Kalyna njiani.

Rylan alikuja kwa Verna akiwa na miaka kumi na sita. Ndivyo ilivyo katika miji hii: kijana akichaguliwa na timu ya vijana hutoka kwao mbali, akapangiwa nyumba ya watu, na wenye nyumba humlisha, humfokea na kumwamsha aende shule. Verna na marehemu mumewe Nestor hawakujaliwa mtoto. Rylan alikula pirohi zake, vile visambusa vya kuchemsha vyenye viazi ndani, sahani mbili mbili, akaacha soksi mbichi juu ya kila kiti, akamwita Mama V. Alipohamia ligi kubwa Verna alikifagia chumba chake, na hakumpa kijana mwingine. Timu ilipomwomba, alisema mgongo unamsumbua.

Mwanzoni Rylan alipiga simu kila Jumapili. Baadaye Jumapili moja moja. Kisha simu zikakatika, bila ugomvi, bila sababu. Lakini watu walishazoea kumuuliza, "Rylan anasemaje?" na Verna alishazoea kujibu: anasema amechoka kupanda ndege, anasema kocha mpya ni mkali. Kila mara uongo ulikuwa mdogo tu. Ukweli ni kwamba tangu maua aliyoyatuma siku ya mazishi ya Nestor, Verna alikuwa akiisikia sauti yake kwenye televisheni tu, kama watu wengine wote.

"Sasa sisi tunaumiza vichwa kwa nini?" Wilf akasema. "Verna si huyu hapa? Mpigie mwanao, umuulize. Anasaini au hasaini?"

"Ana shughuli zake."

"Kwetu sisi, sawa. Wewe si anakupigia kila Jumapili? Au siku hizi Jumapili zake amempa wakala?"

"Hebu mwache shemeji yangu," Lorne akasema. Alikuwa rafiki wa Nestor tangu utotoni. Lakini naye alikuwa anamtazama Verna, na hamu ilikuwa imemjaa machoni. "Ila, shemeji, ukimpigia wewe hatakasirika. Muulize tu. Roho zetu ziko juu juu huku."

Verna akafuta mikono kwenye aproni, akachukua simu. Akasema humu kuna kelele, ingawa hapakuwa na anayepumua kwa nguvu, akatoka hadi kwenye viti vya watazamaji. Namba aliijua bila kuitazama popote. Aliomba Mungu iwe imebadilishwa.

Ikapokewa.

"Nani?"

"Verna. Wa Kalyna."

"Mama V." Kisha akashusha pumzi. "Na wewe wamekutuma?"

Sauti ile ilikuwa imechoka. Verna akaelewa kwamba wiki zote hizi kila aliyempigia alikuwa na lake analotaka, na kwamba yeye, baada ya kumngoja muda wote huo, alikuwa amekwenda kujipanga kwenye foleni hiyo hiyo. Aibu ikampanda usoni.

"Wamenituma," akasema. "Lakini siulizi. Unakula?"

Rylan akacheka, kile kicheko cha kijana wa soksi mbichi. "Siku hizi nakula ovyo. Mama V, nilitaka kukupigia Nestor alipofariki. Kila Jumapili nasema leo, halafu naona haya kwa kutopiga Jumapili iliyopita."

"Hata mimi nina mikono ya kupiga simu."

Wakaongea. Wakaongea habari za goti, za mama yake mzazi, za Nestor alivyokuwa akikoroma. Mwishowe akamwambia mwenyewe: anaondoka. Anakwenda kusini, kesho itatangazwa. "Hapa nikienda kununua maziwa nafundishwa kufunga magoli. Nimechoka. Usimwambie mtu mpaka kesho, tafadhali. Utakuja kunitembelea?"

"Nitakuja," Verna akasema, yeye ambaye hakuwahi kupanda ndege.

Aliporudi, vichwa vyote viligeuka. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa na simu ya kweli ya kusimulia, na moyo wake ulikuwa unaimba na kulia kwa pamoja.

"Hakupokea," akasema.

Wilf alifungua mdomo amtanie, akayaona macho yake yalivyoiva, akaufunga. Lorne akavua kofia na kuiweka mezani. Walimhurumia kwa dhati, na hilo ndilo lililomchoma.

"Atapiga, shemeji," Lorne akasema polepole. "Jumapili haiko mbali."

"Haiko mbali," Verna akaitikia.

Akatia viazi kwenye mafuta. Ng'ambo ya kioo, mashine ya kulainisha barafu ilikuwa inazunguka uwanja mtupu, ikiacha nyuma yake maji ambayo yalikuwa bado hayajaganda.