Gari Moshi la Tarehe Kumi na Tano Agosti

Jumanne tarehe 15 Agosti 1972, saa nne asubuhi, fundi Jethalal alikuwa barazani pa duka lake mjini Same, akishona vifungo vya kaptula ya shule, gari moshi la mwaka 1854 lilipoingia stesheni.

Fanueli, mkuu wa stesheni, alitazama saa yake, akafungua daftari, akaandika kwamba limechelewa miaka mia na kumi na nane.

Lilikuwa lile gari la kwanza la abiria kutoka Howrah kwenda Hooghly, kule India, nalo lilikuja na mvua yake. Same nzima ilikuwa kavu, kama kawaida ya Agosti. Mvua ilinyesha juu ya mabehewa tu. Sironka, mfugaji wa huko nyikani, aliwaleta ng'ombe wake wakanywa maji yaliyochuruzika, kisha akaenda zake.

Mabehewa ya mbele yalijaa waungwana wenye tiketi za Hooghly. Ya katikati yalikuwa na watu wa tarehe hiyo hiyo, ila wa mwaka 1947: walipata uhuru usiku uliopita, wakawa wanapeperusha bendera na kumlisha halua kila aliyesogea. Behewa la mwisho lilikuwa la siku ile ile pia, lakini watu wake hawakuwa na bendera. Walikuwa na mafurushi, masufuria na mlango mmoja wa nyumba. Nchi yao ilikuwa imegawanywa pande mbili, na hakuna aliyewaambia mpaka umepita wapi.

Asheri, karani wa kuandikisha wageni, alikuja mbio dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Asheri."

"Ndugu zako wamefika. Tusaidie kutafsiri."

"Hao wa mbele wanasema Kibengali," alijibu Jethalal. "Mimi ninajua Kiswahili, Chasu cha Wapare, na Kigujarati kidogo cha kumsemesha mama, naye alishafariki."

"Si ni Kihindi hicho hicho, mzee?"

Jethalal alichukua kofia yake. Alikuwa na sababu ya kutobishana. Tangu mwaka 1963 alikuwa ameomba uraia, na tangu hapo faili lake lilikuwa linashughulikiwa. Kila Jumatatu alikwenda kuulizia, na kila Jumatatu Asheri alimpa kiti kizuri. Wiki iliyopita ilikuja barua: asiye na karatasi ifikapo mwisho wa mwezi, afunge biashara na arudi kwao. Jethalal aliisoma mara mbili akitafuta kwao ni wapi. Mbali kabisa alikowahi kufika ni Tanga.

Basi akatafsiri. Muungwana wa kwanza alizungumza kwa muda mrefu, kwa ishara nyingi.

"Anasemaje?" aliuliza Asheri.

"Anasema safari ilikuwa ndefu."

Wa pili naye alisema safari ilikuwa ndefu. Hata wa thelathini alisema hivyo, na Asheri akavutiwa na jinsi watu hao walivyokubaliana.

Kwenye behewa la mwisho, mwanamke mmoja alimshika Jethalal mkono. Aliuliza jambo moja mara tatu, akionyesha kidole kushoto, kisha kulia. Hilo Jethalal alilielewa lote.

"Anauliza yuko upande gani."

"Mwambie yuko Same."

Jethalal akamwambia kwa Chasu. Mwanamke akaitikia kwa kichwa, akatua furushi lake chini.

Alasiri kila mtu alikuwa amegongewa muhuri. Waungwana na watu wa bendera walipanda tena, na gari likaondoka na mvua yake. Wa mafurushi walichukuliwa na Tomaso, mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa upande wa Kisiwani, huko huko Same, ambacho kilikuwa kimepungukiwa kaya arobaini ili kiandikishwe. Aliwahesabu, akakuta kaya ni arobaini kamili, akamshukuru Mungu. Kabla jua halijazama walikuwa wanakijiji, kila kaya na shamba lake.

Jethalal alibaki amesimama mbele ya meza.

"Na langu, Asheri?"

"Faili halijarudi, mzee." Karani alisugua kalamu kiganjani. "Ila naona njia. Nikuandike umeshuka na gari hili. Utapata miezi mitatu ya ugeni, halafu tutaongeza. Duka tu ndilo itabidi ulifunge. Mgeni hafanyi biashara."

"Mimi nilizaliwa nyuma ya duka hilo. Mkunga alikuwa bibi yako, Lukia."

"Najua, mzee. Bibi alikuwa akisimulia ulivyolia. Lakini fomu hii ni ya watu waliotoka mahali."

Jethalal alitazama nje, milima ikiwa imeanza kuwa ya buluu. Mwamvita, muuza tangawizi, alipita na kikapu, akamsalimu kwa Chasu, naye akamwitikia vizuri, akamuulizia na wajukuu. Kisha akavuta kiti, akavaa miwani na kuanza kujaza. Aliandika vizuri, kwa herufi za kukaa wima, mpaka alipofika palipoulizwa sababu ya kuja Same. Hapo aliinua kalamu. Akaandika: *Kuzaliwa.*

Asheri aliisoma, akaona haimo katika orodha ya sababu zinazokubalika. Akachukua rula, akalikata neno hilo kwa mstari ulionyooka, na juu yake akaandika: *Matembezi.*

"Karibu sana Same, mzee," akasema, akagonga muhuri.