Njia Inayopita Karanga

Kila aliposhuka mlimani, binti yangu Penina alinipigia simu na kusema neno moja: "Nimeshuka." Mengine yalifuata jioni, akishaoga na kula. Jumatano ya tarehe 5 Machi 2025, saa nne asubuhi, nilikuwa namenya ndizi nyumbani kwangu Kamachumu, simu ikaita kwa namba yake. Nikamuwahi.

"Umeshuka?"

Aliyejibu alikuwa mwanamume. "Mama, naitwa Johnson. Nafanya kazi na Penina. Tumemshusha."

Nikauliza kwa nini wamemshusha, kwani hana miguu? Nyuma yake nilisikia mtu mzima analia, na hapo nikaweka kisu chini.

Penina alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alianza kazi Kilimanjaro kama mgumu, ndivyo wapagazi wa kule wanavyoitana, akibeba kilo ishirini za watu wengine kichwani. Baada ya miaka mitatu akafanywa mwongozaji msaidizi, anayefika na wageni hadi kileleni. Safari ile alipanda akiwa na kikohozi. Kampuni ilimwambia hapakuwa na mtu wa kushika nafasi yake. Siku ya tano, kwenye kambi inayoitwa Karanga, mapafu yakajaa maji. Wenzake walimbeba kwa machela alfajiri, akafa njiani kabla hawajafika geti la Mweka.

Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye kibanja, kati ya migomba na kaburi la baba yake. Wasifu wa marehemu ulisomwa na shemeji yangu Lwakatare, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye pia ni mzee wa kanisa katika usharika wetu. Aliuandika yeye mwenyewe, mimi nikiwa sijiwezi. Alisoma vizuri, tarehe ya kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, shule. Halafu akasoma hivi: "Baada ya kidato cha nne marehemu alihamia Moshi, ambako alijishughulisha na biashara ndogondogo hadi mauti yalipomfika."

Wenzake wanne walikuwa wamekuja kwa basi kutoka Moshi, wamesimama mwisho wa turubai na majaketi yao ya kazi. Walitazamana. Johnson alivua kofia akaanza kuitazama ndani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, khanga usoni, na sikusema kitu. Sikusema siku ile wala mwezi ule. Lakini na mimi nimesoma hadi kidato cha nne, na najua sentensi ikiwa na uongo ndani yake.

Miezi ikapita. Watu waliniambia pole sokoni na kanisani, na nilipowaeleza kwamba alikuwa mwongozaji wa mlima, waliniambia tena pole kwa sauti ya chini zaidi, kana kwamba nimekiri jambo.

Mwezi wa saba nikaanika kahawa. Mwaka uliotangulia, mwezi kama huo, Penina alikuwa likizo, akachuchumaa kwenye mkeka wangu wa kahawa na kuikusanya katikati ikawa kichuguu. Nilimfokea kwamba ananiharibia kazi.

"Mama, tulia nikufundishe. Huu ndio mlima." Akaanza kuchora kwa kidole. "Hii ni Marangu. Wanalala kwenye vibanda, kitanda na godoro. Hii Machame. Hii Rongai, inatokea upande wa Kenya. Hii Umbwe, imesimama kama ukuta, usiende na mtu usiyempenda. Na hii ndiyo yangu, Lemosho. Inaanzia magharibi, upande wetu."

"Upande wetu? Ukisimama hapo unaiona Kamachumu?"

"Unaona Meru, Mama. Kamachumu uione na nini?"

Akanitajia kambi zake moja moja, akiweka punje ya kahawa kila mahali. Mti Mkubwa. Shira ya kwanza, Shira ya pili. Barranco. Karanga. Barafu.

"Karanga?" nikauliza. "Huko juu nako wanalima karanga?"

Alicheka hadi akakaa juu ya kahawa yangu. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulisahau, kwamba njia ndefu ndiyo inayofikisha watu wengi kileleni, kwa sababu mwili unapewa siku za kuizoea hewa ndogo. Wenye haraka, alisema, ndio wanaorudi wakitapika. Alipoondoka nilichukua reki nikaitandaza kahawa yote.

Basi mwaka huu nilipoanika, nilisimama na reki mkononi muda mrefu, halafu nikampigia Johnson. Nikamwambia nimeuza kahawa ya mwanzo na nataka kupanda.

"Nakupeleka, Mama," alisema bila kusita. "Sisi wote tutakubebea. Tutapita Marangu."

"Kwa nini Marangu?"

"Kuna vitanda. Mama wa umri wako hawezi kulala kwenye hema."

"Mimi nimelala chini kwenye misiba ya watu wangapi, Johnson?"

"Halafu ni siku tano tu, umerudi."

"Lemosho ni ngapi?"

"Nane."

"Penina aliniambia njia ndefu ndiyo inayofikisha watu. Alinidanganya?"

"Hakukudanganya."

"Marangu inapita Karanga?"

Nilisikia pikipiki ikipita upande wake. "Haipiti," akasema.

"Unaniogopea mimi, au unajiogopea wewe?"

"Vyote viwili, Mama. Tangu Machi sijapita njia ile. Nimeomba wanipange Marangu na Rongai tu."

Sikumlaumu. Nilimwambia afikirie, nitampigia kahawa ikikauka.

Habari Kamachumu haziendi kwa miguu. Jumapili iliyofuata Lwakatare alifika kwangu akiwa bado na suti ya kanisani. Nikamkaribisha, "Karibu waitu," kwa heshima ya Kihaya inayompasa, nikampa chai. Hakuigusa.

"Mama Penina, kaburi lipo hapo nyuma ya nyumba. Unaenda kumtafuta wapi?"

"Siendi kumtafuta. Najua alipo, nampalilia kila Jumamosi. Naenda kuona alichokuwa anafanya."

"Una miaka hamsini na mbili."

"Hamsini na moja."

"Ukipiga magoti wakati wa meza ya Bwana ni lazima rafiki yako Evodia akuinue. Magoti hayo ndiyo yatakupandisha Kilimanjaro?"

"Huko siendi kupiga magoti, Shemeji."

Alitaka kucheka, akajizuia, akasogeza kikombe. Kisha akaja na lile alilokuwa ameliandaa. "Sawa. Kama ni lazima, nenda kwa hiyo Marangu. Nimeuliza. Kuna nyumba, hata wazungu wazee wanapita. Nitawaambia watu umekwenda kutalii, na hakuna atakayesema neno. Lakini ukienda kule alikofia, utatutangaza upya."

"Hatujatangazwa hata mara ya kwanza. Ulisoma biashara ndogondogo. Alikuwa anauza nini?"

Akakizungusha kikombe.

"Sema, Shemeji. Maandazi? Vitenge?"

"Nilikuwa nakufichia aibu. Msichana analala kwenye mahema na wanaume milimani, ulitaka nisome hivyo mbele ya mchungaji?"

"Aibu ya nani?"

Alisimama, akachukua kofia. Mlangoni aligeuka, na sauti yake haikuwa ya ukali tena. "Mimi ndiye niliyembeba siku ya ubatizo wake," akasema. "Usidhani sikumpenda." Nilijua ni kweli. Ndiyo maana ule uongo ulinikaa vibaya hivyo.

Kahawa ilipokauka nilishuka Bukoba mjini kutafuta soksi nzito na koti la mvua. Nilikwenda kwa Urmila, mjane wa Lalit, ambaye tunafahamiana naye tangu nikiwa mwanafunzi nanunua kwake madaftari. Wahindi wengi wa mtaa ule wamekwishaondoka, na wanawe Jayesh na Amit wako Uingereza. Yeye bado anakaa kwenye kiti chake nyuma ya kaunta, miwani imefungwa kwa uzi. Nilipomwambia koti ni la nini, aliniangalia kuanzia juu hadi chini.

"Kemilembe, wewe ukipanda ngazi za benki unahema."

"Ndiyo maana nimechukua njia ya siku nane, nipate nafasi ya kuhema."

"Na waliokukataza ni wangapi?"

"Wawili."

"Wachache. Mimi wananikataza kila Ijumaa kwa simu. Mama, funga duka. Mama, utaanguka, nani atakuokota? Nimewaambia nitaanguka hapa hapa, na ataniokota mteja." Akavuta boksi, akatoa koti la kijani, akalipima mabegani mwangu. "Hili. Lile la bluu linavuja, siwezi kukudanganya."

"Utanipunguzia?"

"Panda kwanza. Ukishuka ndiyo nitakupunguzia."

Nikalilipia kama lilivyo. Nilipotoka dukani nilisimama kwenye kivuli cha baraza nikampigia Johnson, kwa sababu nilijua nikifika nyumbani naweza kulegea.

"Nimenunua koti," nikamwambia. "Umefikiria?"

"Nimefikiria." Alivuta pumzi. "Nitakupeleka Lemosho. Lakini Mama, nina sharti moja. Nikikutazama nikasema tugeuke, tunageuka. Usinibishie."

"Ukisema tugeuke baada ya Karanga, nitageuka siku hiyo hiyo. Kilele hakina haja na mimi. Kabla ya Karanga, usiniambie neno hilo."

"Na ukiwa na kikohozi?"

Hapo alinishika. Nilisimama na mfuko wa koti mkononi. "Nikikohoa hata mara moja," nikasema, "unishushe, hata tukiwa tumeanza siku hiyo. Nisipande kama alivyopandishwa yeye." Ndivyo tulivyokubaliana.

Ikabaki kanisa. Kwetu mtu akisafiri mbali huandika karatasi ya kuombewa, na wakati wa matangazo mzee wa kanisa huisoma. Zamu ya Jumapili ya tarehe 14 Septemba ilikuwa ya Lwakatare. Nilijua. Niliandika karatasi yangu usiku wa Ijumaa, nikainakili upya Jumamosi kwa herufi kubwa ili asiseme hakuona.

Alisoma matangazo ya ndoa, akasoma ya kwaya, akafikia yangu. Nilimwona akiipitia kwa macho kwanza. Akasafisha koo.

"Kemilembe, mama yake marehemu Penina, anasafiri kwenda Moshi. Tumwombee afike salama." Akaikunja.

Sijawahi kusema neno kanisani ambalo halimo kwenye liturujia. Nilisimama. Evodia, rafiki yangu tunayekaa naye benchi moja, alinishika sketi, akaiachia.

"Mzee," nikasema, "soma kama nilivyoandika."

Kanisa zima likageuka. Mchungaji alinitazama, akamtazama Lwakatare, kisha akatazama Biblia yake kama mtu anayetafuta mstari. Lwakatare alibaki na karatasi iliyokunjwa. Nilidhani ataiweka mfukoni. Sikukaa. Akaikunjua.

"Mimi Kemilembe," akasoma, polepole, "naomba kuombewa safari. Napanda mlima Kilimanjaro kwa njia ya Le... Lemosho. Hii ndiyo njia aliyofanyia kazi binti yangu Penina." Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. "Alikuwa mwongozaji wa mlima. Alifika kileleni mara arobaini na moja, akiwa na wageni, na wote aliwarudisha salama."

Mtu mmoja upande wa wanaume akasema, "Arobaini na moja?" kwa sauti, kama mtu aliyetajiwa idadi ya magoli. Mtoto akacheka. Lwakatare alirudia, safari hii bila kutazama karatasi: "Arobaini na moja." Halafu akasema tuombe, na akaomba yeye mwenyewe.

Nje baada ya ibada hakuna aliyeniambia pole. Waliniuliza maswali. Huko juu wanapikia nini, kuni zinatoka wapi? Ni kweli maji yanaganda kwenye chupa? Mama mmoja wa kwaya alitaka kujua kama Penina alikuwa akivaa suruali, nikamwambia mbili, moja juu ya nyingine, na akasema hata yeye angevaa. Lwakatare hakuja karibu. Alikuwa amesimama kwenye ngazi na vijana watatu wamemzunguka, na nilisikia akiwaeleza, bila uhakika mkubwa, kwamba njia ziko kadhaa.

Hatujazungumza tangu siku ile. Lakini Jumatatu asubuhi, nilipokwenda stendi kupanda basi, nilikuta amemtuma mtu na mkungu wa ndizi wa kuwapelekea wenzake Penina. Nilimpa kondakta auweke chini kwenye buti.

Leo ni Jumatano, tarehe 17 Septemba. Ninaandika nikiwa Moshi, kwenye chumba cha dada mmoja mgumu ambaye alikuwa akikaa na Penina. Johnson ameleta viatu, vimenibana kidogo kulia, amekwenda kuvibadilisha. Sikohoi. Kwenye karatasi ya safari wameandika watu tisa, na mgeni ni mimi peke yangu. Karanga tutalala Jumatatu. Gari la kwenda Londorossi, kwenye geti la kuanzia Lemosho, linakuja kesho saa kumi na mbili asubuhi.