Kitufe cha "Imeharibika"

Mkunga aliusukuma mlango wa benki ya damu kwa bega, maana mikono yote miwili ilikuwa imelowa damu. Hospitali nzima walimwita Pilipili, na siku hiyo jina lilimkaa barabara.

"O hasi, haraka! Mtoto wa dada yangu amejifungua, damu haikatiki!"

Mtunza damu, waliyemzoea kwa jina la Miwani, alisimama mbele ya friji bila kuifungua.

"Dada, haipo."

"Haipo vipi? Jana nimeiona kwa macho yangu!"

"Mashine imeagiza ihamishwe. Gari limeipeleka yote hospitali kuu asubuhi hii."

Lo! Mashine! Tangu waletewe hiyo akili bandia ya kupanga damu ikae wapi kabla haijaisha muda wake, wakubwa walikuwa wanaisifu kama mkwe mpya. Na binti mwenyewe ni O hasi, damu ya kundi lingine haimfai.

"Mpigie dereva ageuze gari! Unaniangalia nini?"

Miwani akapiga. Dereva alikuwa ameshafika huko, akaapa anageuza.

"Sasa niambie, nani kaiambia hii takataka kwamba sisi hatuhitaji O hasi?"

Miwani akamgeuzia skrini. Mifuko yao yote ya miezi iliyopita ilikuwa imeandikwa neno moja: imeharibika.

Pilipili alilijua vizuri neno hilo. Pale kwao, mama akizidiwa, mtu anakimbia, ananyakua mfuko, anarudi mbio. Baadaye mashine inauliza mfuko umefanyiwa nini. Ukibonyeza "imetumika", inadai namba ya mgonjwa, na mgonjwa kaletwa hajitambui, namba utaitoa wapi? Ukibonyeza "imeharibika", haikuulizi kitu. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia wenzake, "Bonyezeni hiyo hiyo, mashoga zangu, tukaokoe watu," wakacheka wote. Kila mama aliyepona pale, mashine iliambiwa damu yake imetupwa.

"Na wewe ulikuwa unaona, ukakaa kimya kama maji mtungini!"

"Na mimi nilikuwa nabonyeza, dada."

Alitamani amzabe kofi. Hakuwa na muda huo, akarudi wodini mbio.

"Mama mdogo, nasikia baridi," binti alisema.

"Nyamaza, usinichokoze na baridi zako. Damu inakuja." Alikuwa amekaza ngumi juu ya tumbo la binti, jasho linamtiririka, huku daktari akifungulia dripu ya maji. Kwenye kitanda cha pembeni kitoto kilikuwa kinalia kwa nguvu zake zote, na Pilipili alikionea hasira hata hicho.

Gari lilifika. Mfuko ukatundikwa, damu ikaanza kushuka kwenye mpira. Binti hakulalamika tena baridi. Daktari alimkandamiza kifua, akamkandamiza mpaka mwenyewe akahema, kisha akavua glavu bila kumtazama mkunga usoni.

Pilipili hakulia. Machozi angeyatoa wapi, na kifua kizima kimejaa hasira? Aliutoa ule mfuko, akaenda nao benki ya damu. Miwani aliupokea. Ulikuwa bado karibu umejaa, lakini mfuko ukishatobolewa haurudi friji.

"Dada, pole sana," akasema taratibu. "Huu nauandika... umeharibika?"

"Thubutu! Thubutu uone!"

Akamsukuma kando na kiti chake. Akabonyeza "imetumika". Mashine ikadai namba ya mgonjwa, na safari hii alikuwa nayo. Alikuwa ameinakili kwa kalamu kiganjani, kutoka kwenye utepe wa mkononi mwa mtoto wa dada yake. Akaiandika tarakimu moja moja, anazipiga kama anagonga misumari.

Skrini ikajibu papo hapo: Asante. Kituo chako kinahitaji O hasi. Mifuko miwili italetwa leo.

"Leo!" Pilipili akafoka. "Leo ndiyo unajua!"

Miwani hakuelewa anaambiwa nani, maana mkunga hakuwa anaitazama skrini. Alikuwa anakitazama kiganja chake.