Maombi ya Mvua na Mwamba wa Vincent

"Mama Sharon, kwani Mungu hawezi kungoja hadi Jumapili?"

Ndivyo jirani yangu Nduku alivyoniuliza mbele ya kina mama wote wa maombi. Tulikuwa tumekusanyika kuomba mvua. Mbaazi zinakauka shambani, na yeye anataka Mungu apange foleni!

Sababu ilikuwa Vincent, kijana wa Nairobi aliyepanga chumba kwake. Alikuja kupanda ule mwamba wa mchanga nyuma ya nyumba zetu, kwenye ardhi ya umma. Hapigilii misumari. Anaingiza mkono kwenye ufa, anakunja ngumi humo ndani, ngumi inakwama, basi ananing'inia hapo kama popo. Kamba yake anaishikiza kwa vyuma anavyopachika ufani na kuvitoa tena, asiache alama. Aliuota ufa ule mwaka mzima, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake. Jumapili anarudi kazini.

Lakini bango la Fanuel, mlinzi wa mwamba, pale langoni linasema wazi: mwamba ukilowa, hakuna kupanda mpaka ukauke hadi ndani.

Tuliomba. Mimi niliomba kwa sauti. Ijumaa mvua ikashuka, mapipa yakajaa, vyura wakaimba kama kwaya isiyo na mwalimu.

Jumamosi asubuhi nikamkuta Nduku chini ya mwamba na jiko la makaa, anapepea ufa kwa ungo.

"Unafanya nini wewe?"

"Naanika mlima."

Vincent alikuwa kando, amejifunga plasta mikononi, vyuma vinalia kiunoni. Fanuel alimzibia njia.

"Kumekauka," Nduku alimwambia Fanuel. "Muulize Mama Sharon. Huyu hajadanganya tangu abatizwe."

"Sawa. Mama akisema kavu, apande."

Nduku akaninong'oneza, "Sema tu kavu. Mvua si ulishapewa?"

Nikamtazama yule kijana. Alikuwa ananitazama kama mtoto anayetazama mandazi ya wenyewe. Moyo ukaniuma, maana mvua ile niliiomba mimi. Nikasema, ngojeni nipime. Nikaingiza mkono ufani hadi kiwiko.

"Kavu, eh?" Nduku nyuma yangu. "Kavu, sivyo? Sema basi!"

Hasira zikanipanda, nikakunja ngumi. Mkono ukakwama.

"Yesu wangu!"

"Usivute, mama!" Vincent akapaza sauti. "Fungua ngumi, legeza kidole gumba!"

"Nitalegeza vipi na huyu anaongea?"

"Si aombe," Nduku akasema. "Yake hujibiwa haraka."

Nikavuta. Mkono ukatoka, na kipande cha mwamba kikubwa kama mkate kikatoka nao, kikapasukia miguuni pangu. Ndani kilikuwa chepechepe.

Fanuel akalitazama shimo, kisha akanitazama mimi. "Mama Sharon, hapa hata kokoto haitolewi."

"Nitarudisha," nikasema, nikajaribu kukibandika. Kikaanguka tena.

Vincent akaokota kibonge, akakifinya. Kikawa tope. Akainua macho taratibu mpaka juu kabisa ya ufa, pale ambapo angekuwa ananing'inia. Akalirudisha tope chini palepale alipookota kibonge, akabandua plasta, akabeba kamba yake.

"Vincent, na chai je?" Nduku akamwita.

Alitoka langoni akapita ukingoni mwa shamba langu, akikwepa kila mche wa mbaazi.