Ndege Nyuma ya Bibi Harusi

…na mashavu sasa yanamwuma, tabasamu nalo lina mwisho wake jamani, mkono wa Amir kiunoni mwake umelowa jasho, nyuma yao ziwa limetulia na mti umejaa yangeyange weupe walioatamia, mbele yao Opondo mpiga picha amechuchumaa, "Madam, bado moja tu, nikipiga makofi ndege wakiruka msigeuke," na Rehma hageuki, ageukeje na shela lote hili, isitoshe picha hii aliitaka mwenyewe, tangu aione ya binamu yake Afnan, ndege wametimka nyuma yake kama shuka jeupe linalokung'utwa, Rehma akalia wivu, ee, alilia, akamwambia Amir bila ndege mimi harusi sitaki, na Amir wa watu akacheka, akakubali… ila mti wa picha ya Afnan, ule wa upande wa Dunga, mbona leo walipokuja wameupita mtupu, bila hata unyoya, Opondo akasema, "Wale walihama tu, Madam, ndege ni ndege"… walihama, au walihamishwa… makofi ya kwanza Rehma alisikia mabawa tu, akafurahi, makofi ya pili kunguru akapita juu ya kichwa chake kuelekea mtini, akarudi na yai, la samawati, zuri, akalipasulia juu ya gari la Opondo lililoegeshwa mbele yao, kiini kikateremka kiooni, na Opondo, "Usijali, kwa picha hataonekana, nitamfuta"… sawa, atamfuta kunguru, na yai je, na aliyelitaga je… vita vya panzi furaha ya kunguru, husema watu, lakini hapa hakuna vita, Mungu wangu, hapa ni harusi, hina bado inanukia mikononi… na hebu tazama, kunguru ameshatua tena juu ya gari, sasa wako wawili, wala hawautazami mti, wanaitazama mikono ya Opondo, wamezoea, lo, wameshajua kazi, ni bibi harusi wangapi basi wamesimama hapa kabla yake, wote wakicheka hivi… "Vumilia kidogo, Rehma, watu wanangoja pilau," Amir ananong'ona, hajaona kitu, maskini, na Opondo anainua mikono, anaitanua, kunguru mmoja anainama tayari, na Rehma anaona aibu, aibu ya kweli, inampanda mpaka masikioni.

"Opondo, usipige hayo makofi. Tupige hivi hivi."

"Hivi hivi ndege hawataonekana, Madam, si watakuwa wamekaa tu majanini?"

"Basi wasionekane."