Mpangaji wa Mlangoni

Dada Mwanaidi, vuta pumzi, anasema Daktari Mapunda, navuta, dawa ya usingizi inanichukua, na papo hapo nimesimama kwenye barabara nyekundu isiyo na mwisho. Nimo ndani ya mwili wangu mwenyewe, wala sishangai. Leo wananitoa uvimbe moyoni, ule uliomeguka kipande kikapanda kichwani, mkasi ukanidondoka kwenye cherehani na maneno yakanigomea mdomoni. Majirani wakasema nimepigwa na upepo, eti kiharusi ni cha wazee, na mimi nina miaka thelathini na mbili. Upepo! Wakanikanda mafuta ya nazi kutwa nzima. Kikimeguka kingine leo, mwanangu Sauda atabaki na mama asiyeweza kumwita kwa jina, na hilo ndilo ninaloliogopa. Natembea, barabara inagawanyika, kila njia inanifikisha kwenye mji wa vioo, na kila kioo kina mimi mwenye mdomo uliopinda. Mtu asiye na uso ananisubiri kwenye mlango unaofunguka na kujifunga, unafunguka na kujifunga. Kitendawili, anasema. Tega, najibu, mazoea tu. Mlangoni kwangu kuna mpangaji, hatoki wala haingii. Nababaika. Basi nipe mji, anasema. Nimekupa Kondoa, nasema, kwa kuwa ndiko nilikozaliwa na ndilo jina lililonijia kwanza. Kioo kimoja kinazimika. Mji kauchukua, jibu hatoi. Mchezo gani huu, jamani? Kwetu ukipewa mji unatoa jibu! Nipe mji, anarudia. Lushoto iko kwenye ncha ya ulimi, mara moyo unanilipuka: Sauda yuko Lushoto kwa bibi yake. Sikupi ng'o! Nachungulia mlangoni kwa hasira, naona kidude laini kama jeli, kinaning'inia kwa kikonyo chembamba, mlango ukifunguka kinayumba. Uvimbe, nasema, mpangaji wako ni uvimbe. Mtu asiye na uso ananishika bega.

Nafumbua macho. Mtu aliyefunika uso kwa barakoa amenishika bega. Mume wangu Hamduni yuko kando ya kitanda, macho mekundu. Mama Sauda, mtoto yuko wapi? ananiuliza kunijaribu. Lushoto, nasema, na neno linatoka zima. Analia, mwanamume mzima. Mdogo wako naye amefika, ananiambia, ametoka Kondoa asubuhi. Kondoa ndio wapi, namuuliza. Hamduni anamgeukia mwenye barakoa. Mwenye barakoa ananiinamia, nami nasubiri aseme kitendawili.