Zamu ya Maman Priscille

Mimi sipendi kuchezeshwa. Niliuzisha sambaza, samaki wadogo wa ziwa, ku soko ya Kadutu tangu niko musichana mupaka magoti ikakataa, nikalea watoto, wengine nikawazika, halafu Sœur Yolande ananikalisha mu duara na wazee wenzangu, ananitupia mupira nyekundu: “Maman Marcelline, kamata!” Nikamwambia, “Masœur, kamata mwenyewe.” Alicheka tu. Yule sista ukimutukana anacheka, na ile inachokesha.

Home yetu ya wazee, ya masista, iko hapa Bukavu, juu ku kilima, ukikaa ku baraza unaona ziwa. Wengine tulifika ju hatuna mutu, wengine ju watu wao hawawataki. Sœur Yolande anasema muzee asiye na kazi anakufa mbele ya siku yake. Ndiyo maana kuko gymnastique ya kukaa ku kiti, kuko kwaya, kuko kufuma vitunga. Nyingi naona ni upuuzi. Lakini kuko moja niliipenda: kila siku ya ine ya juma, Alhamisi, mumoja wetu anapika chakula ya kwao na wote tunakula. Siku yako ikifika unafunga tablier ya jikoni ku kiuno, unaamuru watu, wanangojea mukono yako. Unajisikia tena uko mu jikoni yako.

Kitanda ya karibu na yangu ilikuwa ya Maman Priscille, Mulega wa Mwenga, mwembamba, mutu wa maneno kidogo. Maneno kidogo mimi inanisumbua, kwa hiyo nilimuuliza na kumuuliza mupaka akanieleza. Alikuwa anaishi Kadutu kwa mutoto wake Chrispin, mwenye kutumika kazi mu bureau. Chrispin alikuwa na binti mudogo, Carmel. Homa ikamukamata, akakufa. Muke wa Chrispin akaenda mu chumba ya maombi, na nabii wa kule akasema: bibi yake, mama ya Chrispin, ndiye amemukula mu uchawi.

“Chrispin alikutukana?” nikauliza.

“Hapana. Angetukana ingekuwa vizuri. Aliacha tu kula. Ninapika, ninatia ku meza, yeye anasema ameshiba, anaenda kula kwa jirani. Kiisha asubuhi moja nikakuta matela yangu ya kulalia inje.”

Masista ndio walimuokota ku mulango ya kanisa.

Nilimuambia yule mutoto ni mupumbavu, na nabii wake ni mwizi. Hakupenda. Mama ni mama, hata umuambie ukweli gani juu ya mutoto wake. Akanieleza pole pole, anakunja kikwembe yake:

“Marcelline, siombi anirudishe ku nyumba. Ninataka kitu kimoja: akule ku mukono yangu, mara moja tu, mbele nikufe. Akikula, nitajua moyo wake haunizanii uchawi tena.”

Hiyo ndiyo ilikuwa inamuamusha kila asubuhi. Mimi mwenyewe nikaanza kuingojea.

Zamu yake ya kupika ikafika. Alitwanga sombe, majani ya muhogo, tangu asubuhi, akaitia mawese na samaki ya kukausha, akaponda ndizi zikakuwa lituma laini, harufu ikajaa nyumba yote. Nilikaa ku meza mbele ya wote. Sœur Yolande akasali. Halafu Papa Polycarpe, zamani alikuwa chauffeur wa camion na sasa ni chauffeur wa maneno ya watu, hata ya yule nabii, akaweka mikono chini ya meza.

“Aonje kwanza,” akasema.

Lazima nieleze. Kwetu, ukimupa mugeni kasiksi, pombe ya ndizi, unaonja wewe wa kwanza, kiisha unamupa. Ni heshima, na ni woga pia, ju Bukavu hapa watu wanaogopa karuho, ile sumu inaua mutu pole pole. Lakini ile ni ya wageni. Kati ya watu wa nyumba moja, hakuna anayemuonjea mwenzake. Na tangu tulianza kupika pale, hakuna mutu alikuwa amemuomba mupishi aonje, hata yule muzee anapigaka chafya ndani ya sufuria.

Priscille alimuangalia Polycarpe, akaangalia na wengine. Wote walikuwa wanaangalia chini.

“Wengine hamukuwaomba,” akasema. “Mimi sionji.”

Akafungua tablier, akaitundika, akaenda kulala.

Nilikasirika mupaka masikio ikalia. Nikajipakulia sahani, nikajaza, nikakula mbele ya Polycarpe nikimutazama ndani ya macho. Siko mutu muzuri sana, muelewe. Nilikuwa na njaa pia. Sœur Yolande alikula, na muzamu wa mulango alikula. Wengine walilala na biscuit.

Kiisha Sœur Yolande akapata wazo lake. Alisema tutafanya siku ya jamaa: kwaya itaimba, vitunga vitaonyeshwa, na familia zote zitaitwa. Alipiga simu yeye mwenyewe, moja moja. Kwa Chrispin alipiga, akapiga tena, akapiga tena. Sijui alimuambia nini. Siku moja akakuja ku chumba chetu, uso wote unawaka.

“Maman Priscille, amesema atakuja.”

Priscille alikaa ku kitanda, akashika mikono yake miwili kama mutu anazuia maji isimwangike. Kiisha akauliza kama kuko mutu anaenda Kadutu, ju sombe ya soko ya karibu iko na majani ya kuzeeka.

Siku yenyewe, yenga, siku ya Mungu, kiisha misa, watu wakajaa mu salle kubwa. Tuliimba. Nilisimama mustari wa mbele ju sauti yangu iko kubwa, na Polycarpe akaharibu wimbo kama kawaida yake. Chrispin akaingia katikati ya wimbo. Nilimujua palepale, paji ya uso ni ya mama yake. Shemizi nyeupe, viatu safi. Alikuwa peke yake, muke hakukuja. Akakaa karibu na mulango, kitako nusu ku kiti.

Priscille hakumukimbilia. Alienda jikoni, akarudi na sahani: lituma, sombe, kipande ya samaki kubwa kuliko zote, na maji ya kunawa. Akaviweka mbele yake. Hakumwanga hata tone.

“Karibu, papa,” akamuambia. Kwetu mutoto mwanaume mama anamuita papa.

“Aksanti, Maman.”

Hakuna aliyejifanya anaangalia kwingine. Chrispin alitazama sahani, akatazama mulango, akatazama sahani tena. Niliona jasho juu ya mudomo wake. Halafu akasema pole pole, na heshima yote, vile mutu wa bureau anazungumuza:

“Maman, uonje kwanza.”

Damu ilinipanda ku kichwa. Nilisimama, ulimi wangu uko tayari, na ningemuambia yule kijana maneno ambayo asingesahau. Priscille akaweka mukono ku bega langu akanikalisha. Mukono ule mwembamba ulikuwa na nguvu, haki ya Mungu.

Alikata lituma kidogo, akachovya ndani ya sombe, akachukua na samaki, ju mutu asiseme ameruka samaki. Akatia mu kinywa. Priscille hakuwa na meno ya nyuma, alikuwa anatafuna muda murefu. Chrispin alikuwa anamuangalia kinywa. Kiisha akamuangalia koo. Sisi wote tulingoja. Mupaka akameza.

Halafu Chrispin akanawa mikono, akakula.

Na alikula, sidanganye. Kwanza pole pole, kiisha kama mutu ametoka shamba. Akaomba aongezewe. Machozi ikamutoka, akaipanguza na mukono wa shemizi. “Maman,” akasema, “nilikuwa nimesahau tamu ya sombe yako.” Watu wakapiga mikono. Sœur Yolande alikuwa analia wazi wazi, anapiga foto na simu. Polycarpe akasimama na sahani yake, akakuja kuomba na yeye, bila aibu, na nyuma yake wengine wote. Priscille akawapakulia kila mumoja. Hakuna aliyeuliza tena kitu. Yeye mwenyewe hakukula.

Chrispin alimukumbatia mbele ya kwenda. Alisema Noeli atarudi, labda na muke wake. Alikuwa anatembea mwepesi. Niliona kweli amefurahi, na niliona vile vile kwamba hakujua amefanya nini.

Kiisha tukabaki wawili ku bassin tunaosha sahani. Mimi nilikuwa nimejaa maneno ya kumufariji, ju niliona uso wake.

“Priscille,” nikasema, “ile ulikuwa unaomba umeipata. Amekula ku mukono yako.”

“Amekula,” akasema.

Alisugua sahani ile ile muda murefu. Kiisha akasema, bila kunitazama:

“Alipokuwa mutoto, hana meno bado, vita ilitukuta Mwenga, tulikuwa mu pori. Nilikuwa namutafunia. Natafuna, natoa mu kinywa yangu, natia mu yake, na yeye anafungua tu, anafumba na macho. Leo ameangalia koo yangu, Marcelline. Amengojea nimeze.”

Mimi ni mutu wa soko, kila mutu namujibu. Nilitaka kumuambia ni mutoto tu, ameogopa, amezika binti yake. Yote ilikuwa kweli, na hakuna hata moja ilikuwa inaweza kumusaidia. Nikamukamata mukono ndani ya maji ya sabuni. Tukabaki vile, wajinga wawili, mupaka maji ikapoa.

Wiki ile ingine, Sœur Yolande aliuliza nani atapika siku ya ine. Watu wakaita jina ya Priscille, sauti moja, na Polycarpe ndiye alipaza zaidi. Sista akamugeukia, anacheka na furaha yote.

“Masœur,” Priscille akasema, “mimi nitamenya ndizi. Apike mwingine.”